Zamu yangu ya upatu imefika: ninunue baiskeli mpya tatu, au zilizotumika?

Shangazi, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Mume wangu ni seremala na mimi ninashona nguo nyumbani. Mwezi ujao, Mungu akipenda, zamu yangu ya upatu itafika na nitatia mkononi shilingi 600,000, fedha ambazo tangu siku niliyoingia katika mchezo huo nimezinuia kitu kimoja tu, nacho ni baiskeli za watoto. Khamis, mwenye miaka 15, anasoma sekondari iliyo umbali wa kiasi cha kilomita 6, na njia yake ni ya vilima vitupu, akimaliza kushuka kimoja anaanza kupanda kingine, na kipande cha mwisho ni cha kifusi na mawe. Asya ana miaka 12, yuko darasa la sita, na hutembea karibu kilomita 4 za barabara ya lami kwenda skuli na nyingine 4 kurudi. Mdogo wao ana miaka 8 na skuli yake iko hapa hapa kijijini.

Wote watatu wanataka baiskeli za gia, zile zinazoitwa za milimani. Mwaka jana tulimnunulia Khamis moja mpya dukani kwa shilingi 210,000, yenye springi mbele na nyuma na breki za diski. Ilipofika mwezi wa tano, pale fremu inapojikunja juu ya springi ya nyuma palianza kucheza, gia zikawa zinaruka zenyewe, kisha fremu ikapasuka karibu na maungio. Mwenye duka alituambia kwamba kitu kikishatoka mlangoni kwake ni mali yetu. Tuliichomelea, na wiki ya tatu ikapasuka tena pembeni mwa pale palipochomelewa, Khamis akaanguka na kuchunika mkono mzima.

Sasa mume wangu anataka tununue tatu mpya za namna ileile kutoka duka jingine, mbili za shilingi 270,000 kila moja na ndogo ya 200,000, na zile 140,000 zitakazopungua tukope kwa ndugu yake. Mtoto wa ami yangu aliyeko Unguja anasema huko zipo za Kijapani zilizotumika za kuanzia 150,000 mpaka 230,000, na ndogo za watoto za 70,000, ila gharama ya kuzipakia melini itakuwa juu yetu. Mume wangu hataki kusikia habari ya kitu kilichotumika, kwa sababu anaona kwamba tutanunua ubovu uliomshinda mwenzetu. Tena anaona Asya angoje, kwa kuwa huvaa juba na mnyororo utamnasa. Sitaki kushindana na mume wangu, wala sitaki fedha za upatu ziishe kama zilivyoisha za mwaka jana. Nishauri kama unavyomshauri mwanao.

Mama Khamis, Wete


Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, Mama Khamis.

Nianze na lile lisiloweza kungoja. Hiyo fremu iliyopasuka mara mbili isipandwe tena na mtu yeyote, hata kama fundi atakuambia kwamba safari hii ataitia bati la kuishikiza. Bomba jembamba likishachomelewa, ule moto hudhoofisha chuma kilicho kando ya mshono, na ndiyo sababu ya kwenu ilipasuka pembeni na si palepale. Mara ya tatu huenda ikakatika mtoto akiwa anateremka kilima na gari liko nyuma yake. Hata hivyo msiitupe. Ivueni magurudumu, tairi, mipira ya ndani, kiti, mikono ya breki na pedeli, mviweke katika gunia mahali pakavu, kwani mbele nitaeleza vitakavyowafaa.

Mimi nimelelewa katika grisi, mwanangu, kwa hiyo swali lako limenigusa zaidi ya unavyodhani. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli Chake Chake, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kumshikia beseni la maji ili aone mpira unatoa mapovu wapi, kisha kuukwaruza kwa kipande cha msasa kabla hajaupaka gundi ya kiraka. Mtu akimletea baiskeli anayotaka kuinunua, baba hakuitazama rangi. Aliigeuza magurudumu juu, akaegesha mkono kwenye fremu, akasogeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa karibu kabisa na rimu, kisha akalizungusha gurudumu polepole huku akisikiliza. Ukucha ukiguswa mahali pamoja kila mzunguko, rimu imepinda. Usipoguswa popote, aliinua macho akamtazama mteja kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yalipoweza kuanza.

Nakusimulia haya kwa sababu mwaka jana mlinunua kwa macho, kama wengi wanunuavyo, na wauzaji wanalijua hilo. Baiskeli za milimani zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, pale vijana walipochukua baiskeli kongwe zenye tairi nene wakawa wanateremkia njia za vumbi za milimani, na baadaye wakazitia gia nyepesi na breki zenye nguvu ili waweze kupanda tena kule walikoshukia. Nyingi hazikuwa na springi za mbele wala za nyuma. Springi za mbele ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980, na za nyuma zikaenea baadaye. Kwa hiyo baiskeli huwa ya milimani kwa upana wa tairi zake, ugumu wa fremu yake, wepesi wa gia zake na nguvu ya breki zake, na mtoto wako anaweza kupanda na kushuka vilima vyote vya Pemba bila ya springi ya nyuma.

Springi ya nyuma iliyo nzuri ni kitu cha gharama kubwa, maana ndani yake mna mafuta au hewa ya kuzuia mrusho, na maungio yake hukaa juu ya beringi. Ile ya baiskeli ya bei nafuu ni koili tupu, na mara nyingi maungio yake huzunguka juu ya bushi ndogo ya plastiki ambayo vumbi la kifusi huila upesi. Ikishaliwa, fremu huanza kuchezacheza, na mchezo ule ndio unaoipasua. Tena baiskeli huwa nzito, na mtoto anapopanda kilima sehemu ya nguvu zake humezwa na kule kubonyea na kurudi badala ya kumsogeza mbele. Nenda kwa fundi wenu umuulize kama anayo bushi hiyo au anajua pa kuipata. Akikujibu kwamba hana, basi umekwisha kujua kwa nini hizo za shilingi 270,000 zitakufikisha palepale mlipofika mwaka jana, hata kama duka ni jingine.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba msikope na msinunue tatu mpya. Mwambie mtoto wa ami yako akutafutie mbili zilizotumika, moja ya Khamis na moja ya Asya, zenye fremu ngumu isiyo na springi nyuma, na ndogo ya yule wa miaka 8 iwe ya mwisho, ikiwa fedha zitabaki. Baiskeli iliyotengenezwa vizuri ikapandwa miaka kadhaa ina vipuri ambavyo fundi wa kijijini anavijua kwa mkono, na ubovu wake ukiwepo huonekana mapema, ilhali mpya ya bei ya chini ubovu wake bado umo ndani ya rangi. Ila nimesema iliyotengenezwa vizuri, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu katika shehena moja zimo nzima na zimo zilizokwisha kuliwa na kutu.

Mwambie huyo ndugu yako aende mchana na kipande cha sumaku mfukoni. Sumaku ikinata kwenye fremu, hicho ni chuma. Isiponata, ni alumini. Sisemi kwamba chuma ni kibaya, maana fremu ya chuma ni imara na huvumilia mengi, lakini katika visiwa vyetu chumvi ya bahari huila kutoka ndani, mahali ambapo rangi haionyeshi kitu. Avue kiti pamoja na bomba lake, aielekeze fremu tundu likitazama chini, aigongegonge kwa ubapa wa mkono. Ikimwaga unga mwekundu, airudishe ilipokuwa na asibishane juu ya bei. Na ikiwa bomba la kiti limekwama halitoki kabisa, jambo ambalo hutokea sana alumini ikikaa ndani ya chuma penye chumvi, pia aiache, kwa kuwa Khamis ana miaka 15 na bado anarefuka, na kiti kisichopanda kitamharibia magoti.

Baada ya hapo apitishe kidole chini ya bomba la mbele, pale linapokutana na bomba linaloshikilia usukani. Rangi iliyokunjana au kupasuka mahali hapo ni alama kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Abane breki ya mbele aisukume baiskeli mbele na nyuma; akisikia kitu kinagonga kidogo kwenye usukani, gololi zake zimelegea au zimekwisha. Ashike mkono wa pedeli autikise kwa upande, si kwa kuuzungusha, na usicheze. Abane breki zote mbili, na mikono ya breki isifike kwenye usukani. Breki za mipira miwili inayoshika rimu ndizo ningekuchagulia, kwa sababu mipira yake ni rahisi kupatikana na Khamis mwenyewe ataweza kuibadilisha. Breki za diski zinazovutwa kwa waya zinakubalika, lakini zile zinazofanya kazi kwa mafuta azikatae, maana zikipoteza mafuta zinataka vifaa ambavyo fundi wa kijijini kwa kawaida hana.

Mnyororo anaweza kuupima, na kipimo hiki baba alinifundisha kabla sijajua kushika sindano. Achague pini moja ya mnyororo, ahesabu pini 24 mbele yake, kisha apime kutoka kati ya ile aliyoichagua mpaka kati ya ile ya 24 baada yake. Mnyororo mzima unatoa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, umechakaa na inafaa kuubadilisha; ukizidi kwa sehemu moja ya nane, umekwisha kuyala na meno ya gia, na hapo gharama si ya mnyororo pekee. Futi yako ya kushonea haifai kwa kazi hii, kwani kitambaa kinanyumbuka. Atumie tepu ya chuma ya useremala.

Sasa gia, ambazo ndizo moyo wa safari ya Khamis. Usidanganywe na namba 21 iliyobandikwa kwenye fremu. Namba hiyo ina maana kwamba mbele kuna gia 3 na nyuma kuna 7, na tatu mara saba ni 21, lakini haikuambii hata kidogo kama baiskeli itapanda kilima. Kinachokuambia ni meno. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 28 na kubwa ya nyuma ikiwa na 28, basi pedeli ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, na gurudumu la inchi 26 husogea kama mita 2. Hiyo ni hatua ya mtoto mwenye mkoba wa vitabu mgongoni anayepanda kilima bila ya kushuka. Mbele ikiwa meno 42 na nyuma 14, gurudumu huzunguka mara 3 na kwenda zaidi ya mita 6 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, jambo linalofurahisha kwenye tambarare, lakini kilimani hakuna goti la miaka 15 litakaloliweza kila siku. Kwa hiyo Khamis atafutiwe yenye gia ndogo ya mbele ya meno 28 au pungufu, na nyuma iwe na ya 28 au zaidi. Kisha gurudumu la nyuma linyanyuliwe, pedeli zizungushwe, na gia zote zipitiwe moja moja mpaka mnyororo uingie kila mahali bila ya kuruka.

Jambo jingine, ambalo limewapotezea watu wengi fedha zao, ni namba za tairi. Baiskeli ya milimani huandikwa 26 × 1.95 au 26 × 2.1, na baiskeli ya mjini ya Kijapani huandikwa 26 × 1 3/8, mtu akadhani kwamba zote ni inchi 26 na tairi la moja litaingia kwenye nyingine. Haliingii. Tazama namba ndogo iliyo ubavuni mwa tairi: ya milimani ni 559 na ile ya mjini ni 590, na hizo ni milimita za kipenyo cha rimu, tofauti ya milimita 31. Zile baiskeli kubwa za zamani za inchi 28 × 1 1/2, ambazo wazee wetu wamebebea mizigo miaka na miaka, zina namba yake pia, 635. Sasa rudini kwenye lile gunia. Tairi za baiskeli iliyovunjika zikiwa na namba 559, basi tairi na mipira yake ya ndani itakuwa akiba ya Khamis, na mmeshaokoa kitu katika hasara ya mwaka jana.

Kwa Asya nina maneno zaidi. Baba yake hakukosea kuogopa juba na mnyororo, kwa sababu nguo ikinaswa mtoto huanguka bila ya kupata nafasi ya kutoa mguu. Lakini hofu hiyo ina dawa, na dawa yake si kumwacha mtoto wa miaka 12 atembee kilomita 8 kwa siku huku kaka yake akimpita njiani. Nimewaona kinamama wa Paje na Jambiani kwa macho yangu wakiendesha baiskeli na mabuibui yao, wengine na mzigo nyuma, wala hakuna anayegeuka kuwatazama. Kinachotakiwa ni fremu iliyoinama katikati ili apande bila ya kuinua mguu juu ya bomba, kifuniko kinachouziba mnyororo, na wavu au bati la kuzuia nguo kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli za mjini za Kijapani mara nyingi huja na vyote vitatu, pamoja na kikapu cha mbele na taa ya dainamo. Najua Asya anataka ya milimani kama ya kaka yake, na ningependa umweleze kwa upole kwamba njia yake ni ya lami na nguo zake ni ndefu, hivyo hii ndiyo iliyo bora kwake, na si kwamba amepewa iliyobaki. Kwa kuwa nanyi mna vilima, mtafutieni yenye gia 6 zinazoonekana nyuma badala ya ile yenye gia 3 zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Zile za ndani ni nzuri, lakini zikiharibika si kila fundi atathubutu kuzifungua. Asya pia afundishwe kubana pindo la juba kwa lastiki pana kabla ya kupanda, na wewe fundi wa nguo hutashindwa kumshonea.

Kipimo cha mwili mtakichukua nyumbani, kwa sababu watoto wako Pemba na baiskeli ziko Unguja. Mtoto asimame bila ya viatu, mgongo ukutani, ashike kitabu kati ya mapaja kikiwa kimepanda mpaka mwisho, nawe upime kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Mpelekee ndugu yako namba hiyo. Bomba la juu la fremu ya Khamis, likipimwa kutoka ardhini, liwe chini ya namba yake kwa sentimita 5 au zaidi. Kiti kitarekebishwa baadaye: kisigino kikiwekwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wa miaka 8 atatoshewa na ya inchi 20 isiyo na gia. Usishawishike kumnunulia kubwa ili aikulie, kwa kuwa mtoto asiyefika chini hawezi kusimama salama.

Katika fedha, shika kanuni hii ya baba yangu: katika kila shilingi tano za kununulia baiskeli, moja ibaki mfukoni. Kwako ni shilingi 120,000 zinazobaki na 480,000 zinazotumika. Ya Khamis ikiwa 220,000, ya Asya 190,000 na ndogo 70,000, umefika hapo hapo. Hizo zilizobaki ndizo za kuzipakia melini, kubadilisha waya za breki na mipira yake, pampu, viraka, kufuli moja zito na kofia ngumu za wale wawili wanaopita barabarani. Kofia ziangaliwe ndani kama zina alama EN 1078, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, na asinunue iliyotumika, kwa kuwa kofia iliyowahi kupigwa chini huwa imekwisha kazi yake hata ikiwa haina ufa unaoonekana. Asya aivae juu ya ushungi mwepesi, kamba zifungwe upya zimtoshe. Na ikiwa gharama za meli zitakuwa kubwa kuliko mnavyodhani, iondoke ile ndogo kwanza. Mdogo wao skuli yake iko kijijini na anaweza kungoja; kofia na breki za wakubwa zisiguswe.

Kuhusu mume wako, mwanangu, usimpelekee barua hii kama hukumu. Mtu aliyetumia shilingi 210,000 akamwona mwanawe anaanguka ana uchungu, na anapokataa kitu kilichotumika anakataa kudanganywa mara ya pili. Mpe kazi ndani ya jambo hili, kwa sababu ndiye anayeifaa zaidi. Yeye ni seremala, jicho lake limezoea kuona ubao uliopinda na ungio lililoachia, na tepu ya chuma anayo. Mwambie kwamba unataka yeye ndiye awe na neno la mwisho, kwamba hakuna shilingi itakayotolewa kabla hajaona picha za maungio ya fremu, namba za tairi na kipimo cha mnyororo, na kwamba akiweza kuvuka mwenyewe hadi Unguja siku moja nauli hiyo haitakuwa imepotea. Deni la 140,000 kwa ndugu yake mzungumzie peke yake, si mbele ya watoto, na umkumbushe kwamba litabaki hata kama baiskeli itavunjika.

Zikifika Mkoani, asipande mtu bandarini. Pedeli huvuliwa au kulegezwa wakati wa kupakia, na ya kushoto hufungwa kinyume cha kawaida, kwa kuizungusha kuelekea kushoto. Anayeilazimisha kulia huharibu mistari ya kukazia iliyo kwenye mkono wa pedeli na pedeli haikai tena. Nyumbani zioshwe kwa maji matamu zikauke, bomba la kiti litolewe lipakwe grisi na kurudishwa, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miezi michache. Mnyororo upakwe mafuta mepesi, hata yale ya cherehani yako yanafaa, kisha upanguswe mpaka kitambaa kisitoke cheusi, kwani mafuta yanayobaki juu hukusanya vumbi la kifusi na kugeuka msasa. Baada ya wiki mbili za kwenda skuli, boliti za mikono ya pedeli zikazwe upya.

Na kesho asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, mpigie simu huyo mtoto wa ami yako umwombe akuhesabie meno ya gia ndogo ya mbele ya kila baiskeli anayoifikiria kwa ajili ya Khamis. Akikutajia 28 au pungufu, mwambie aendelee na fremu. Akikutajia zaidi ya hapo, atafute nyingine.